Majani ya Mrembo

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Najua ukiona bahasha nene namna hii utashtuka, kwa hiyo naanza na hili: mimi ni mzima, sijaolewa kwa siri wala sijafukuzwa kazi. Mwezi uliopita nilikupigia simu, ukaitika "Haloo, haloo, nani mwenzangu?" mpaka ukachoka ukakata. Sikulaumu. Miaka yote ile kando ya mashine ya kukanda unga ilikula masikio yako, na kile kifaa cha kusikilizia ulichopewa hospitali najua kimelala kwenye droo kwa sababu kinakupigia mluzi. Ujumbe wa simu ndiyo kabisa. Kidole chako kimoja hubonyeza herufi tatu kwa mpigo. Basi turudi kwenye kalamu.

Nina ombi la kikazi. Maabara yetu inafanyia kazi kiwanda kimoja cha biskuti ambacho kinataka kuachana na ile dawa ya unga mweupe inayotiwa kwenye mafuta ili yasiharibike dukani. Wewe ni mwoka mikate, unajua biskuti iliyokaa sana inavyonuka. Kinachonuka si ngano, ni mafuta yaliyoliwa na hewa. Sisi tunatafuta kitu kutoka kwenye majani kitakachoizuia hewa isifanye hivyo. Mkuu wa maabara hataki tugombanie mboga na watu, kwa hiyo tunapima vichaka vya mapambo, vile ambavyo kila mtu hupanda mbele ya nyumba, hupunguza kila mwezi na majani yake hutupa. Vingi vina viambata tunavyovitafuta. Kazini, na hata magazetini, huviita viondoa sumu.

Tumeshapima vichaka vingi na hakuna cha maana. Juzi, nikiwa nimesimama mbele ya mashine, nikamkumbuka Mrembo wa mama, kile kichaka cha mbele ya nyumba yetu. Majani mekundu namna ile hayawezi kuwa matupu. Naomba unichumie mfuko mmoja, uyakaushe kivulini, uyafunge kwa karatasi na si plastiki, unitumie kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha.

Huku ughaibuni naendelea vizuri. Chumba changu kiko juu ya duka la miwani, kidogo lakini kisafi. Wenzangu kazini ni watu wazuri, Jumapili tunatoka pamoja, siboreki hata kidogo.

Binti yako,
Kidole


26 Februari

Mwanangu Kidole,

Marahaba. Barua yako ilinikuta nanyoa ndevu, nikaisoma povu likiwa shavuni mpaka likakauka.

Majani nimeyachuma asubuhi umande ulipokwisha, nikayatandaza juu ya magazeti chini ya kitanda chako, maana kule jua halifiki. Mrembo mwenyewe hajambo. Amefunga mbele yote ya nyumba, kuanzia langoni mpaka ukuta wa jirani, na wekundu wake mwaka huu umekolea. Unajua jina hilo lilitokea wapi? Siku mama yako anaupanda nilimuuliza, mti gani huu, hauzai, hautoi kivuli, hata mbuzi hawautaki. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Kazi yake ni kupendeza. Wewe yako ni ipi?" Nilikuwa nimelala mchana kutwa siku hiyo.

Mimi sina shida. Wazee wenzangu wa kiwandani huja Jumamosi, tunacheza drafti na kubishana. Nyumba ya pili amehamia mama mmoja fundi wa kushona. Ni mkali kidogo ila ana moyo. Mvua ikija na nguo zangu ziko kwenye kamba, hunigongea ukuta, kana kwamba nitasikia. Sisikii, lakini naiona picha ya mama yako inatikisika ukutani, najua ni yeye.

Nina swali moja. Hivyo viondoa sumu vinaondoa sumu gani? Ya karibuni tu, au hata ile iliyokaa mwilini miaka mingi? Nijibu ukipata nafasi.

Ni mimi baba yako,
Mzee Hamira


24 Machi

Baba,

Shikamoo. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Mrembo ametushinda wote. Tulichemsha majani yako, tukakamua kile tunachokitaka, tukakitia kwenye mafuta na kuyaweka kwenye kabati la joto pamoja na chupa nyingine. Kabati hilo hufanya mafuta yazeeke haraka, kama vile yamekaa dukani mwaka mzima. Chupa isiyotiwa kitu ilianza kunuka mapema. Iliyotiwa dawa ya kiwandani ikafuata. Ya Mrembo bado inanukia kama imefunguliwa leo. Mkuu wa maabara, ambaye kwa kawaida huongea nasi kupitia karatasi za mezani, alikuja mwenyewe, akainamisha pua kwenye chupa, akauliza, "Haya yametoka wapi?" Nikasema, "Kwa baba yangu." Alicheka, na watu wengine wakacheka, nami nikajisikia vizuri kwa namna ambayo sijajisikia tangu nifike huku.

Sasa tunaingia hatua ya kuwalisha panya, kuangalia kama ni salama. Naomba mfuko mwingine, mkubwa zaidi. Na uniandikie barua ndefu kama ile. Niliisoma kwenye ngazi, nikaisoma tena nikiwa nasubiri maji yachemke.

Wasalimie wazee wa drafti.

Kidole


18 Aprili

Mwanangu,

Nimekutumia mifuko miwili. Chini ya kitanda chako sasa hakuna nafasi, nimehamia na chini ya changu.

Hujui ulichonifanyia. Nikitoka na mkasi asubuhi, wapita njia husimama. Yule mwalimu wa shule ya juu anayetembea haraka haraka, ambaye miaka yote alinipungia mkono tu, juzi alisimama akaniandikia kwenye kiganja kwa kalamu yake: UNAFANYA NINI? Nikamweleza kwa sauti ya mtu asiyesikia, kwa hiyo mtaa mzima ukaelezwa. Binti yangu ni mtaalamu. Majani haya yanaenda maabara. Sasa nikichelewa kutoka, watu huchungulia langoni kuona kama nimeamka.

Fundi ananiambia, yaani ananiandikia kwa chaki yake ya kushonea juu ya kitambaa cheusi, kwamba nimeanza kuringa. Nilimkaribisha chai ya namna yangu, akaonja, akakunja uso, akaimwaga kwenye beseni mbele ya macho yangu. Hana ulimi wa mwoka mikate.

Mwili wangu umekuwa mwepesi. Naamka na hamu. Nikipata matokeo mazuri ya jambo fulani ninalolijaribu, utakuwa wa kwanza kujua.

Hukunijibu lile swali langu, ila nimekuta kipande cha gazeti kinachozungumzia viondoa sumu, kimeeleza vizuri. Usijisumbue.

Baba yako,
Mzee Hamira


12 Mei
(Haikutumwa)

Baba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Mrembo hafai.

Panya tuliowapa walianza vizuri, kisha wakaacha kula. Tulipowafungua, maini yao yalikuwa yamevimba na kubadilika rangi. Tukarudia kwa kiasi kidogo, ikawa vile vile, ila polepole. Kitu kile kile kinachoyalinda mafuta kiko pamoja na kingine kinacholiumiza ini, na hatuna njia ya kuvitenganisha. Mkuu wa maabara alisema, "Funga jalada," akarudi ofisini kwake. Hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo Baba usichume tena, na tafadhali mwambie yule mwalimu kwamba


13 Mei

Baba,

Shikamoo. Mifuko imefika, asante sana. Kazi inakwenda, ila hatua hii ya panya ni ya polepole na ina mambo yake, bado haijakaa sawa. Kwa sasa majani tunayo ya kutosha, usijichoshe. Nikihitaji nitakuambia.

Nimefurahi kusikia habari za mwalimu na fundi. Endelea kuniandikia. Huku ni salama, Jumapili iliyopita tulikwenda wote kutembea mtoni.

Samahani kwa barua fupi, kazi zimenibana.

Kidole


8 Juni

Mwanangu Kidole,

Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Naelewa. Kazi za kitaalamu hazitaki haraka. Hata unga ukiuharakisha hauumuki.

Hukuniomba majani lakini sikukaa bure. Nimefikiri hivi: kiwanda kikikubali, mti mmoja wa mbele ya nyumba utawatosha? Nimekata vipandikizi, nikavipanda kwenye makopo, nikavipanga ukutani kutoka jikoni mpaka choo cha nje. Vimeshika vizuri. Mwalimu alileta makopo ya rangi kutoka shuleni. Siku watu wa kiwanda wakija wasikute tunahangaika.

Siku hizi nachoka kidogo. Chakula hakinipi hamu, na ngozi inawasha usiku na mchana, nadhani ni sabuni. Umri huo, usihangaike. Kuna dawa yangu naendelea nayo, na subira inahitajika.

Uko kimya kidogo kwenye barua. Au mimi ndiye nasoma vibaya? Kama wamekuonea huko kazini niambie.

Baba yako,
Mzee Hamira


25 Juni

Kwako mdogo wangu,

Uniwie radhi kukuita hivyo, hatujaonana. Mimi ndiye fundi ninayekaa ukuta mmoja na baba yako. Anwani nimeitoa nyuma ya bahasha yako, na barua nimewapa wale wanaofikisha haraka, maana namba yako ya simu amekataa kunipa. Anasema nisikusumbue, uko katikati ya jambo kubwa.

Baba yako amelazwa. Wiki mbili hizi nilikuwa namwona anakonda. Jumatatu alikuja kuniletea suruali niipunguze kiuno, akasimama mlangoni penye mwanga, nikaona macho yake ni ya njano kabisa, kama chaki yangu ya kushonea. Nikaacha kazi ya watu, nikampeleka hospitali kwa nguvu. Daktari anasema ni ini. Ameuliza kwa maandishi: anatumia dawa gani, anakunywa nini, amekula nini. Baba yako anatikisa kichwa tu. Hata pombe hanywi, mimi shahidi.

Lakini mdogo wangu, nilipoingia kwake kuchukua shuka nilikuta birika jikoni limejaa majani mekundu yaliyochemshwa. Na jingine. Na chupa kwenye dirisha. Nikakumbuka ile chai aliyonionjesha mwezi wa nne, chungu kama nini. Nikamwandikia: NI HAYA? Alinishika mkono, akaniomba nisimwambie daktari. Nanukuu alivyosema: "Wakiyaandika kwenye cheti wataharibu kazi ya mwanangu."

Wewe ndiye unayeyajua hayo majani. Ni kitu gani? Kama hayana neno nitanyamaza. Kama yana neno nipigie saa yoyote ile, namba yangu hii hapa chini. Mimi nimeshaanza kuogopa.

Ni mimi jirani,
Fundi


6 Julai, wodini

Baba,

Nimekaa hapa pembeni ya kitanda chako nikiandika, nawe unanitazama unajifanya umelala. Naandika kwa sababu jambo hili siwezi kukupigia kelele sikioni mbele ya wodi nzima.

Siku barua ya fundi iliponifikia nilimpigia palepale, akampa simu daktari, nikamweleza kila kitu. Kwa hiyo daktari anajua. Hakuna kazi uliyoiharibu. Majani ya Mrembo yanaumiza ini. Tuliligundua hilo kwa panya. Nililijua tangu mwezi wa tano.

Nilianza kukuandikia ukweli, sikuumaliza. Nikakutumia ile barua fupi badala yake.

Daktari anasema ini lina tabia ya kujirudi likiachwa lipumzike, na kwamba ungechelewa kidogo angenijibu maneno mengine. Naomba unisamehe. Peni hii hapa.

Kidole


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa mwandiko mkubwa uliopinda)

Kwa nini hukuniambia


(chini yake)

Kwa sababu ulikuwa umeanza kuniandikia, Baba. Kabla ya majani nilikuwa napata kadi moja kwa mwaka. Niliogopa majani yakiisha na barua zitaisha.


(chini yake tena)

Mtoto mjinga. Sogeza hicho kiti uje karibu


2 Septemba

Mwanangu,

Umeondoka wiki iliyopita na nyumba bado ina harufu ya mafuta yako ya nywele. Mto wa chumbani kwako sijaufua.

Nimetoka kupimwa leo. Daktari alichora mshale unaoshuka, akanionyesha kidole gumba. Njano imebaki kidogo kwenye pembe za macho. Nakula. Fundi ananipikia uji mwepesi kisha anakaa mpaka bakuli liwe tupu, kama askari wa jela.

Ulikaa hapa karibu miezi miwili na hatukuongea sana. Ulikuwa ukiandika kwenye vikaratasi: UMEKUNYWA DAWA? UNASIKIA BARIDI? Nami nikijibu ndiyo, hapana. Mambo mengine hayaingii kwenye kikaratasi, na ulipokuwa mbele yangu niliona haya. Sasa uko mbali naweza.

Uliniuliza siku ya mwisho kwa nini niliyanywa. Nikakuambia ni kwa ajili ya magoti. Si magoti.

Uliandika mwenyewe kwenye barua ya kwanza: viondoa sumu. Kile kipande cha gazeti nacho kikasema vinasafisha mwili, vinarudisha viungo vilivyochoka. Nikafikiri, vumbi la unga nililovuta miaka yote ile, moshi wa tanuri, si ndizo sumu zenyewe? Na kama zimekaa masikioni, si zinaweza kutoka? Siwezi kusema niliamini kabisa. Nilijaribu. Kila asubuhi nilikunywa kikombe, kisha nikabandika sikio kwenye saa ya ukutani kuona kama nasikia chochote. Mwezi wa nne nilidhani nimeisikia, ndiyo siku niliyokuandikia kwamba mwili umekuwa mwepesi. Nikaongeza kikombe cha jioni.

Nilitaka siku moja upige simu, mimi niitikie, na nisikie unachosema. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa habari niliyotaka uwe wa kwanza kuijua.

Na lingine. Hakuna wazee wa drafti. Mmoja alifariki kabla hujaondoka nchi hii, sikukuambia ulikuwa kwenye mitihani. Mwingine alichukuliwa na mwanawe, yuko mbali. Jumamosi nacheza mwenyewe, pande zote mbili. Nadhani ulijua. Hukuwaona hata siku moja kando ya kitanda changu, wala hukuuliza.

Fundi alitaka tuukate Mrembo wote, akaja na panga lake. Nimemkatalia. Mama yako aliupanda upendeze, na unapendeza. Kosa ni letu sisi tuliompa kazi nyingine. Vile vipandikizi vya kwenye makopo nimevigawa kwa wapita njia, kila mmoja na onyo lake: wa kutazama, si wa kunywa. Mwalimu amechukua vinne, amevipanga mbele ya ofisi yake.

Sasa sina majani ya kukutumia. Sijui niandike nini tena. Nimeandika hili ili lisiwe la mwisho.

Baba yako,
Mzee Hamira


30 Septemba

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa. Naiweka mezani, naenda kazini, nikirudi naikuta, nashindwa kuijibu.

Lile neno nililiandika bila kufikiri. Kwangu ni neno la kazini tu, tunalitumia kama wewe unavyotumia hamira. Linamaanisha kitu kinachozuia hewa isiharibu mafuta kwenye chupa. Halina habari yoyote na masikio. Uliniuliza waziwazi kwenye barua yako ya kwanza kabisa, nami nilikuwa na haraka ya kukuambia habari za chupa zangu, swali lako nikalipita. Mistari miwili ingetosha. Hilo linanirudia nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye foleni, popote.

Kazini wameendelea na kichaka kingine, cha majani ya kijani ya kawaida. Hakina nguvu kama za Mrembo, lakini panya wake wanakula na kunenepa. Huenda kikafika kwenye biskuti. Mimi nimepewa kusafisha data za zamani, yaani kukaa chumba cha nyuma na kupanga tarakimu. Niliomba likizo nyingine ya mwisho wa mwaka. Zile siku nilizokaa nawe zilikula zote, wamesema mpaka mwakani.

Na mimi nikuambie ya kwangu. Hakuna wa kutoka nao Jumapili. Mtoni nilikwenda, ndiyo, ila peke yangu, nikakaa kwenye benchi mpaka nikasikia baridi nikarudi. Kazini watu ni wazuri kweli, sikudanganya hapo. Wananisalimia, wananiuliza kama niko sawa, hawasubiri jibu. Nikifunga mlango Ijumaa jioni, sauti yangu naisikia tena Jumatatu nikiagiza chai. Ile siku Mkuu wa maabara aliponusa chupa na wote wakacheka, nilihesabu kwamba nimepata watu. Panya walipokufa, wale watu wakarudi kwenye meza zao, na sioni kosa lao.

Basi nimefikiri. Tumeandikiana tangu mwezi wa pili na sijawahi kukuuliza kitu ambacho hakina jani ndani yake. Hii ni barua isiyo na ombi la kazi. Naomba tu kujua jambo moja. Asubuhi, kabla hujafungua mlango, huwa unafanya nini?

Kidole


24 Oktoba

Mwanangu Kidole,

Marahaba.

Umeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, hata mama yako, maana yeye alikuwepo akiona. Nimejiangalia asubuhi tatu mfululizo ili nisikujibu uongo.

Naamka mapema mno, bado kuna giza. Ni mazoea ya kiwandani, zamu ya alfajiri haijanitoka mwilini. Nalala hivyo hivyo nikitazama dari, kuna doa la maji lenye umbo la kiatu. Kisha nakaa ukingoni mwa kitanda, upande wangu. Ule mwingine nautandika jioni ili asubuhi nisiuguse. Natia maji ya kunywa, sasa ni maji tu. Naosha uso. Nikifika kwenye picha ya mama yako nairekebisha, kwa sababu fundi ameshaamka na cherehani yake inatikisa ukuta.

Halafu nachukua viatu, nakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, naviweka mapajani. Hapo ndipo huwa nakaa sana. Sifanyi kitu. Namfikiria nitakayemwona nikifungua, na kama hakuna, nitasimama langoni kwa muda gani kabla haijaonekana vibaya. Siku nyingine mwanga hupanda kwenye sakafu mpaka unanifikia magotini nikiwa bado nimeshika viatu. Miezi ile ya majani sikuwa nakaa kwenye kiti hicho, nilikuwa natoka moja kwa moja na mkasi. Nimerudi kukikalia.

Kisha navaa viatu nafungua.

Sijawahi kumwambia mtu hili na sioni limetupunguzia nini, maana kesho nitakaa pale pale. Lakini leo nilipokuwa nimekaa nilikuwa nawaza jinsi ya kukuandikia, na nilipoinua macho mwanga ulikuwa umeshapita magotini.

Na wewe je? Unapofunga mlango Ijumaa, kitu cha kwanza unachofanya ni kipi? Usiniandikie kifupi.

Baba yako